Siku Moja ya Baiskeli na Mwenzako, Pwani ya Kusini Mashariki ya Unguja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu pwani ya Paje, Bwejuu, Michamvi, Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi, kwa watu wawili wanaotoka asubuhi na kurudi kabla ya magharibi. Saa zote ni za Kiswahili. Umbali ni wa kukadiria, kwa sababu njia ya mchangani na ya lami hazilingani.

## Mambo ya msingi

Njia yenyewe ni ipi, na ni kilomita ngapi?

Ziko tatu zinazofaa kwa siku moja, na zote zinaanzia Paje.

Fupi ni ya kaskazini: Paje, Bwejuu, Dongwe, Pingwe hadi Michamvi Kae, kisha kurudi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 36 hadi 40. Lami imenyooka, milima hakuna, na kipande cha Paje hadi Bwejuu mnaweza kukipita mchangani maji yakiwa yamekupwa.

Ya kati ni Paje hadi Makunduchi kupitia Jambiani, kama kilomita 20, kisha mnarudi kwa baiskeli au daladala.

Ndefu ni mzunguko: Paje, Jambiani, Makunduchi, Kizimkazi, Muyuni, Kitogani, halafu Paje tena. Ni kilomita 60 hadi 65. Hii ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu mnaona bahari ya mashariki asubuhi, bahari ya kusini magharibi mchana, na jioni mnarudi katikati ya mashamba na miti. Lakini msiichague kwa kuwa tu mnaweza kuimaliza. Ichagueni siku ambayo maji na upepo vinaruhusu (tazama sehemu ya maji na upepo).

Lazima tuwe wazoefu?

Kwa njia fupi, hapana. Anayeweza kunyonga baiskeli saa nzima bila kushuka ataimaliza akipumzika. Kwa mzunguko, wote wawili wawe wameshawahi kwenda kilomita 30 kwa siku moja hivi karibuni. Kinachowashinda watu wengi huku si mapafu wala miguu. Ni makalio, viganja na jua, na hivyo havizoeleki kwa siku moja.

Tuondoke saa ngapi?

Karibu na ikweta jua halina msimu mkubwa: huchomoza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu asubuhi na kidogo, na huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika arobaini na tano jioni, kutegemea mwezi. Mna mwanga wa saa kumi na mbili hivi. Kutoka saa 5 hadi saa 9 alasiri msipange kunyonga mfululizo. Pangeni mle, mpumzike kivulini, muogelee.

Mfano wa mzunguko siku ya bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana): kutoka Paje saa 2 kwa njia ya pwani, mwisho wa Jambiani saa 3, Makunduchi saa 4 na robo, Kizimkazi saa 5 na nusu. Pumziko refu hadi saa 8 na nusu. Kitogani kama saa 10, Paje kabla ya saa 11 na nusu. Hapo mmebakiza karibu saa nzima ya mwanga kwa pancha moja na uchovu. Hiyo saa msiile mapema kwa kukaa sana Jambiani.

Mwezi gani unafaa?

Juni hadi Septemba hakuna joto kali na mvua ni chache, ila kusi, upepo wa kusini, huvuma kwa nguvu. Desemba hadi Februari ni kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki: jua kali, joto linafika nyuzi 32 au 33, na bahari ya mashariki inapigwa na upepo. Masika, kati ya Machi na Mei, si wakati wa kupanga safari hii, kwa kuwa mvua inaweza kunyesha siku nzima na vijia vya mchanga na udongo vinageuka madimbwi. Vuli ya Oktoba hadi Disemba ni ya manyunyu na mvua za ghafla zinazopita. Inavumilika.

## Maji na upepo

Tutajuaje maji yatakupwa saa ngapi?

Hapa ndipo siku inapopangika au kuharibika, kwa hiyo jibu ni refu.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo maji yaliyokupwa saa 4 asubuhi leo, kesho yatakupwa karibu na saa 5 kasoro dakika kumi.

Bamvua hufuata mwandamo na mwezi mpevu, yaani siku moja au mbili baada ya tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo tofauti ya maji ya kujaa na kupwa huku Unguja inakaribia mita 4. Na pwani hii ina bahati: siku za bamvua maji hukupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Maana yake mchanga mgumu uko wazi kuanzia kama saa 2 hadi saa 6 mchana, wakati mnaouhitaji hasa. Mkiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, tayari mna ratiba ya kubuni safari.

Siku za maji mafu, karibu na tarehe 7 au 8 na 22 au 23, bahari haitoki mbali wala haiingii sana. Maji yanakupwa karibu na alfajiri na tena jioni, na asubuhi mnayotaka kusafiri yanakuwa yanapanda. Siku hizo pitieni lami tu, wala msione mmekosa kitu.

Hakikisheni kwa jedwali la maji kwenye simu mkitafuta la Zanzibar, au muulizeni mvuvi yeyote jioni ya kuamkia safari. Mvuvi atawaambia na jambo ambalo jedwali halina: kama upepo wa siku tatu zilizopita umesukuma maji na mwani juu ya mchanga.

Tunaweza kupita pwani njia nzima?

Hapana. Vipande vinavyopitika kwa baiskeli ni Bwejuu hadi Paje, na Paje hadi sehemu kubwa ya Jambiani. Jambiani ni kijiji kirefu kilichojinyoosha kwa kilomita kadhaa kando ya maji. Mkikaribia mwisho wake wa kusini, upande wa Mfumbwi, mawe ya matumbawe yanaanza kutokeza, nayo ni makali. Hapo pandisheni kijijini mrudi kwenye lami. Kutoka hapo hadi Makunduchi barabara inapita ndani kidogo, kwenye uwanda wa mawe na vichaka, na kivuli ni kichache mno.

Mchangani tupite wapi hasa?

Tafuteni ukanda ulio na unyevu ambao maji yameuacha karibuni, ambapo kisigino kinaacha alama isiyozama. Juu yake, karibu na minazi, mchanga ni mkavu na gurudumu la mbele linazama na kukata kona lenyewe. Chini yake, kwenye maji ya vidimbwi, kuna miamba midogo, viumbe wenye miiba, na kamba za mwani.

Mkifika kwenye kijito cha maji yanayorudi baharini, shukeni mkivuke kwa miguu. Maji ya chumvi yakifika kwenye ekseli na kwenye beringi za pedali, mtasikia sauti yake wiki ijayo. Baada ya pwani kuna kazi ya kufanya kabla ya kulala, imeelezwa mwishoni.

Upepo unabadilisha nini?

Kusi hutoka kusini na kusini mashariki. Mkielekea Makunduchi unawapiga usoni, na mara nyingi huzidi nguvu kuanzia saa 4 asubuhi. Kwa hiyo wakati wa kusi mnafanya kazi ngumu asubuhi upepo ukiwa bado mdogo, na kutoka Kizimkazi kupanda Kitogani unawasukuma mgongoni. Mzunguko kwa upande huo, Jambiani kwanza, ndio sahihi.

Wakati wa kaskazi mambo yanageuka: mnashuka kusini kama mmebebwa, halafu alasiri mnalipa. Hata hivyo msigeuze mzunguko. Mkigeuza, kipande cha mwisho, Makunduchi hadi Paje, kitakuwa cha upepo wa usoni mkiwa mmechoka na barabara haina miti. Ni afadhali kupambana na kaskazi upande wa Muyuni, ambako miti na nyumba zinaukata. Au chukueni njia ya kati na mrudi na daladala.

Maji yakianza kujaa tukiwa bado mchangani?

Hamtazama, kwa kuwa ufukwe huu ni wa mteremko mdogo na kijiji kiko karibu. Tatizo ni jingine: maji yanapanda haraka katikati ya saa zile sita, na ukanda mgumu unatoweka kabla ya maji kuwafikia. Mtabaki mnasukuma baiskeli kwenye mchanga mkavu. Mkiona vidimbwi vinaungana, tokeni kwenye kichochoro cha kwanza kinachoelekea barabarani.

## Baiskeli na vifaa

Ya kukodi Paje inatosha, au tulete zetu?

Ya kukodi inatosha kwa njia fupi na ya kati. Kwa mzunguko inatosha pia, ila uikague kwanza mwenyewe, bila kuridhika na neno la anayekodisha:

- Breki: bana ya mbele na usukume baiskeli. Gurudumu la nyuma liinuke kidogo.
- Spoki: zipitishie kidole moja moja. Inayolegea ni dalili ya kwanza ya rimu kupinda.
- Mnyororo: ukiubonyeza katikati uwe na nafasi ya sentimita moja na nusu hadi mbili kwa baiskeli isiyo na gia. Ukiwa na kutu ya rangi ya chungwa kwenye viungo, kataa.
- Mkono wa pedali: utikise kushoto na kulia. Ukicheza, utalegea zaidi njiani.
- Tairi: tazama ubavuni, siyo juu tu. Nyufa za ubavuni ndizo zinazopasuka kwenye joto.

Halafu kiti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Baiskeli nyingi za kukodi zina kiti kilichoshushwa chini mno, na huko ndiko maumivu ya magoti yanakotoka.

Foniksi au ile ya magurudumu manene?

Foniksi, yaani baiskeli refu ya inchi 28, ni imara, ina keria, na fundi wa kila kijiji ana vipuri vyake. Ni nzuri mno kwa lami. Mchangani tairi lake jembamba linachimba. Ya inchi 26 yenye tairi la upana wa inchi 1.95 au zaidi inapita kote, ila gia zake zikiingiwa na mchanga huanza kuruka.

Chagueni aina moja nyote wawili. Sababu si mwendo. Ni kwamba tyubu moja ya akiba, pampu moja na spana moja zitawafaa wote. Foniksi na ya inchi 26 hazibadilishani tyubu, na mara nyingi hata valvu zake hazifanani: moja ni ya ulimi wa mpira, nyingine ni kama ya gari.

Tujaze upepo kiasi gani?

Kwa tairi la inchi 26 x 1.95 na mtu wa uzito wa kawaida: lami PSI 45 hadi 50, mchanga mgumu 25 hadi 30. Mbele pungufu kidogo kuliko nyuma. Kama pampu haina kipimo, bonyeza kwa dole gumba: kwa lami tairi likubali kwa shida, kwa mchanga likubali bila ubishi lakini rimu isiguse ardhi ukikaa.

Kosa linalorudiwa kuliko yote katika njia hii linatokea Jambiani. Watu wanatoka mchangani na upepo mdogo, wanaingia lami, wanasema watajaza mbele. Kisha gurudumu linagonga ukingo wa shimo, rimu inabana tyubu, na yanatoka matundu mawili yanayokaa sambamba. Jazeni kabla ya kukanyaga lami. Ni kazi ya dakika tatu.

Zana zipi za kubeba kwa watu wawili?

Seti moja inatosha: tyubu moja ya akiba, viraka sita, gundi, kipande cha msasa, vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu, spana namba 15 kwa nati za magurudumu (jaribuni kwanza, kwa kuwa baadhi huchukua namba nyingine), bisibisi, kipande cha mpira wa tyubu kuukuu cha kufungia, na kitambaa. Kwa Foniksi ongezeni ulimi wa valvu mbili, zile za mpira mwembamba, kwani hukauka na kuchanika kwa joto na huonekana kama pancha wakati tyubu ni nzima.

Gawaneni: mmoja abebe pampu na viraka, mwingine tyubu na spana. Hapo hamtaweza kuachana hata mkitaka.

Pancha inazibwaje tukiwa njiani?

1. Geuza baiskeli. Kabla ya kutoa gurudumu, lizungushe utafute mwiba au kijiwe. Mara nyingi bado kimo.
2. Toa ubavu mmoja tu wa tairi, uvute tyubu nje.
3. Jaza upepo, isogeze karibu na mdomo. Midomo inahisi upepo kuliko masikio. Maji ya chupa yatumike kwa tundu dogo tu.
4. Kausha, sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka mng'ao uishe.
5. Paka gundi nyembamba na usubiri dakika tano, mpaka isinate kwenye kidole. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo sababu viraka vinabanduka kilomita mbili mbele.
6. Bandika, bana kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni.
7. Pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote. Usirudishe tyubu kabla ya kujua kilichotoboa.

Ufukweni usizibe. Chembe moja ya mchanga chini ya kiraka inatosha kuharibu kazi. Weka tyubu ya akiba, ile iliyotoboka mtaiziba kivulini mkifika kijijini.

## Kuendesha wawili

Nani atangulie?

Mwenye mwendo mdogo. Aliye mbele ndiye anayeamua kasi, na mwenye nguvu akikaa mbele atamvuta mwenzake bila kujua, mpaka yule wa nyuma anyamaze. Kunyamaza ndiyo dalili ya kuangalia: mtu aliyekuwa akiongea Paje, akiacha kuongea kabla ya Makunduchi, simameni mnywe maji.

Upepo ukiwa wa usoni utaratibu unabadilika. Mwenye nguvu aende mbele akate upepo, wa nyuma akae nyuma yake kwa mita moja, si kando. Badilishaneni kila dakika tano. Anayeongoza aseme kwa sauti anachokiona: shimo, mchanga, gari, mbuzi. Asikanyage breki ghafla bila kusema.

Tunaweza kwenda sambamba tukiongea?

Mchangani, ndiyo, na ndiyo raha yake. Barabarani, hapana. Tanzania tunaendesha kushoto, barabara za huku ni nyembamba, na magari ya watalii na daladala huja kwa kasi kati ya kijiji na kijiji. Kaeni mmoja nyuma ya mwingine, kama nusu mita kutoka ukingo wa lami. Ukijibana kwenye ukingo kabisa, gurudumu linaweza kushuka kwenye mawe na kukutupa ndani ya barabara.

## Kula, kunywa na jua

Maji kiasi gani?

Nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa kila saa ya kunyonga, kwa kila mtu. Kwa mzunguko ni lita tatu hadi nne kila mmoja, lakini hamtabeba zote. Anzeni na lita moja na nusu, ongezeni Jambiani, Makunduchi na Kizimkazi. Kipande kisicho na duka la karibu ni Jambiani hadi Makunduchi. Msikiingie na chupa nusu.

Dafu moja kila kituo linafaa sana. Mkitoka jasho sana changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa.

Tule nini?

Asubuhi chapati au vitumbua na chai, na kahawa kwa anayeipenda. Njiani ndizi, tende na karanga. Mlo mzito uwe Kizimkazi: wali wa nazi na samaki au pweza, kwa sababu hapo mna pumziko refu. Mkila wali huo Makunduchi na kuendelea mara moja, tumbo litawasumbua.

Vipi kuhusu jua?

Shati la mikono mirefu, jepesi, ni kinga bora kuliko mafuta. Mafuta ya kuzuia jua yapakwe nyuma ya shingo, masikioni, na migongo ya viganja, ambayo hubaki juani unaposhika usukani. Mchanga mweupe wa Paje unarudisha mwanga kutoka chini, kwa hiyo hata mwenye kofia pana anaungua kidevu.

## Vijiji na adabu

Tuvae vipi?

Mabega na magoti yafunikwe mkiingia vijijini, kwa mwanamke na kwa mwanamme. Nguo ya kuogelea ni ya majini. Salamu kwanza, swali la njia baadaye. Ijumaa, kati ya saa 6 na nusu na saa 8, maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala, kwa hiyo nunueni maji kabla.

Tunaweza kupita kwenye mashamba ya mwani na kupiga picha?

Msipite. Mwani umefungwa kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti, na gurudumu moja likikata kamba linaondoa kazi ya wiki sita. Kilimo hiki cha kibiashara kilianza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Wakati maji yamekupwa na ninyi mko matembezini, wao wako kazini, na wana saa chache tu kabla ya bahari kurudi. Tokeni upande wa nchi kavu wa mashamba. Picha ni kwa ruhusa, na anayekataa amekataa.

Msikiti wa Kizimkazi unaingilika?

Kizimkazi ina sehemu mbili, Dimbani na Mkunguni. Msikiti uko Dimbani, kabla ya Mkunguni. Kwenye ukuta wa kibla kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, ambayo ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiislamu katika Afrika Mashariki. Bado ni msikiti. Mtafuteni mwangalizi, vueni viatu, jifunikeni, na msiingie wakati wa sala. Wanawake waulize kwanza. Baiskeli zisiegemezwe kwenye ukuta wala kwenye makaburi ya nje.

Jozani iko njiani?

Msitu huo wa hifadhi hauko ndani ya mzunguko. Mkifika Kitogani, Paje ni kulia na Jozani ni kushoto, kilomita chache kuelekea mjini. Kima punju, ambaye asili yake ni Zanzibar peke yake, anaonekana vizuri asubuhi na alasiri. Kwa anayefanya mzunguko wa siku moja, acheni Jozani kwa siku nyingine. Mkienda, punguzeni mwendo barabarani: kima huvuka, na matuta yaliwekwa kwa ajili yao.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Mwenzangu amechoka katikati. Turudije?

Daladala hupakia baiskeli juu. Namba 309 ni ya Jambiani, 310 ya Makunduchi, 324 ya Bwejuu na 326 ya Kizimkazi, zote zikitoka na kwenda mjini. Kutoka Kizimkazi shukeni Kitogani, msubiri inayokwenda Paje. Kubalianeni nauli ya mzigo kabla ya kupakia, fungeni gurudumu la mbele kwa ule mpira wa tyubu, na mnyororo uelekee juu usiguse mizigo ya watu. Baada ya alasiri magari hupungua, hivyo uamuzi ufanyike mapema, si jua likizama.

Mkirudi, rudini wote. Kumpakia mmoja garini na mwingine aendelee na baiskeli, halafu zana ziko kwa yule wa garini, kumewaacha wengi porini.

Mmoja anaumwa kichwa na kuona kizunguzungu?

Simameni kivulini, mlaze, mvue viatu, mmwagie maji shingoni na kwapani, anywe mchanganyiko wa chumvi na sukari kidogo kidogo. Akipata nafuu baada ya nusu saa, safari ya kunyonga imeisha kwa siku hiyo hata hivyo. Akianza kuongea ovyo, kutapika mfululizo au ngozi kuwa ya moto bila jasho, ni dharura: mpozeni kwa maji huku mkitafuta gari. Kuna hospitali Makunduchi, na mjini kuna Mnazi Mmoja. Namba ya dharura ni 112.

Mnyororo umekatika na hatuna kifaa.

Tafuta kiungo cha kufungulia, kile chenye kibano. Kama ndicho kilichofunguka, mara nyingi vipande vyake viko mita chache nyuma. Kama umekatika penginepo, fundi wa kijiji ataondoa kiungo kilichoharibika kwa msumari na nyundo. Mpaka hapo, mwenye mnyororo mzima anaweza kumvuta mwenzake kwa khanga iliyofungwa kwenye keria, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na aliye nyuma ashike ncha ya khanga mkononi, asiifunge kwenye usukani. Akitaka kusimama, anaachia tu.

Tukichelewa hadi giza?

Msinyonge bila taa. Barabara hizi hazina mwanga, na usiku kuna ng'ombe, magari ya ng'ombe na watu wanaotembea. Taa ya nyuma nyekundu ni muhimu kuliko ya mbele. Kwa sababu hiyo hiyo, machweo ya Michamvi Kae, yanayopendwa kwa kuwa upande ule unatazama magharibi, ni ya aliyelala huko huko au aliyeagiza gari.

Wakati wa Ramadhani inawezekana?

Inawezekana kwa njia fupi, alfajiri hadi saa 4. Migahawa ya vijijini hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani hakufai. Bebeni maji, mjitenge mnapokunywa. Kama mmoja wenu amefunga, msipange mzunguko.

Na siku za Mwaka Kogwa?

Makunduchi hujaa watu katika siku hizo za Julai, za sherehe ya mwaka mpya wa jadi, na barabara ya kutoka Jambiani inakuwa na magari mengi kuliko kawaida. Mkitaka sherehe, nendeni kwa ajili ya sherehe, fikeni mapema na mlaze baiskeli nyumbani kwa mtu mliyekubaliana naye. Mkitaka baiskeli, elekeeni Michamvi siku hiyo.

Tumerudi. Baiskeli tuifanye nini?

Usiku huo huo, si kesho. Mwageni maji baridi yasiyo na chumvi juu ya baiskeli nzima, kwa kumimina, bila kuyasukuma kwa nguvu kwenye ekseli. Futeni mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo mpaka kitambaa kisitoe mchanga, uacheni ukauke, kisha tone moja la mafuta kwenye kila kiungo. Subirini dakika kumi na mfute yaliyobaki nje, kwa sababu mafuta ya nje hushika mchanga wa kesho. Pandisheni upepo wa tairi mpaka kiwango cha lami. Kama ni ya kukodi, fanyeni hivyo hivyo, au angalau mwambieni mwenyewe kwamba ilipita pwani, ili aioshe kabla kutu haijaanza.